Mlango wa Mtaa wa Sabuni

Uliona. Usijitie hamnazo sasa, ukasema jua lilikuwa machoni, au uliinama kumfunga mtoto kamba za viatu. Ulikuwa asubuhi ya leo katika msafara wa Bendera ya Roho, ile inayopita nyumba hadi nyumba kabla ya Pentekoste. Ulivaa shati jekundu kama wenzako, ulipita katika mlango uliosimamishwa katikati ya Mtaa wa Sabuni, na ubavuni mwako, karibu kiasi cha kumgusa goti, palikuwa na mwanamke mgonjwa kwenye kiti, amenyoosha mkono. Ukaangalia viatu vyako. Mji mzima wa Barro Fundo uliangalia viatu vyake. Basi kaa kitako, uisome habari hii tangu ilipoanzia, maana ukiachiwa wewe utaisimulia kuanzia pale panapokupendeza.

Mgonjwa yule na mwenzake unawajua. Jovelina ndiye anayekuuzia biskuti za unga wa muhogo sokoni, unazila zingali moto na kulamba vidole. Deolinda, mgonjwa, ndiye aliyemshonea mkeo gauni la harusi, na binti yako pia. Wameishi nyumba moja tangu mwaka ule mto ulipolichukua daraja la mbao. Mwaka huohuo, kwenye komunyo, paroko wa wakati ule alimruka Deolinda. Akampa wa kushoto, akampa wa kulia, yeye akaachwa mdomo wazi kama kifaranga. Hakuna aliyesema, "Padri, umemsahau huyu." Na wewe ulikuwa benchi la nyuma yake, ukijitafutia ukurasa katika kitabu cha nyimbo.

Aliyerukwa ndiye aliyeishona Bendera. Ile hariri nyekundu mnayoibusu kila Pentekoste, yenye njiwa wa nyuzi za fedha, aliishona msichana mmoja kwenye meza ya jikoni kwa mama yake. Bawa moja limekuwa refu kuliko jingine kwa sababu alianza kwa ukarimu, uzi ukamwishia njiani. Siku hizi mnawaambia wageni kwamba ni ishara. Jicho la njiwa ni kito cha herini. Mama yake alipoteza herini moja mtoni wakati wa kufua, akatoa ile iliyobaki, akasema afadhali ione kuliko ilale kwenye kopo. Na yule mama alipofika siku zake za mwisho, Bendera iliingia nyumbani kwake, ikamfunika uso kama desturi inavyotaka, akapapasa mpaka akalipata lile jicho. "Hii hapa herini yangu," alisema, akalala, hakuamka. Waliokuwa kitandani kwake walikuwa wawili: Deolinda, na mdogo wake, Abílio. Huyu Abílio wa leo, mshika Bendera wenu.

Nyumba ile ya mama ndiyo nyumba ya Deolinda na Jovelina, na sebule yake ndiyo kanisa mnaloliita la bandia. Mnacheka kwamba padri wao ni Lindaura, nesi wa zahanati, mama wa watoto wawili. Lakini homa ikikupanda unamnyooshea huyohuyo mkono akuchome sindano. Askofu wao alikuja kwa basi, na sanduku lake lililofungwa kamba, akamwekea mikono mbele ya watu wachache na kuku. Misa yao unaijua neno kwa neno, kwa kuwa ni ileile. Tofauti ni kwamba pale mkate unapewa yeyote anayenyoosha mkono. Yule aliyeachwa na mumewe akaolewa tena. Vijana wawili wa duka la baiskeli. Rosicler msusi, ambaye baba yake alimwekea sanduku barabarani siku ya Noeli kwa sababu alikataa kuendelea kuitwa jina la kiume. Mtoto anabatizwa bila kuulizwa wazazi wake walifunga ndoa wapi. Siku za Jumatatu wanapika wali na maharage, wanawapelekea wanawake wa barabara kuu, wale unaowawashia taa za gari na kisha Jumapili unawaombea.

Siku walipoanza, Deolinda alichukua bisibisi, akaung'oa mlango wa mbele wa nyumba ya mama yake, fremu na vyote. "Kupiga hodi ni kuomba ruhusa," alisema, "na watu hawa wameomba ruhusa vya kutosha." Fremu ikaenda uani, kuku wakaifanya kitanda. Mlango wenyewe, mbao nzito ya zamani, ukalazwa juu ya miguu miwili ya mbao, ukatandikwa kitambaa cheupe, ukawa altare. Tangu hapo nyumba ile haina mlango. Siku za baridi wanatundika blanketi. Mwizi alishaingia mara moja akachukua redio, na Deolinda akasema angalau huyo hakuuliza wanaamini nini.

Sasa Deolinda ana uvimbe tumboni, na zahanati haina zaidi ya dawa ya kumpunguzia maumivu. Kitu alichoomba ni kimoja. "Nataka njiwa wangu anifunike kama alivyomfunika mama," alimwambia Jovelina. "Nilishike lile jicho. Kisha nitakwenda, sitakusumbua."

Kwa miaka yote hiyo Bendera ilipopita Mtaa wa Sabuni iliruka nyumba ile, wapiga ngoma na magitaa wakiangalia ukuta wa kiwanda cha zamani. Safari hii watu walinong'ona. Hata wewe ulinong'ona, tukupe haki yako. Ulisema si vizuri, aliyemshona njiwa afe bila njiwa. Minong'ono ikamfikia paroko, naye akasema redioni kwa ile sauti yake ya asali: "Bendera ya Roho haikatai mlango wa mtu yeyote." Jovelina aliyasikia maneno hayo akiwa sokoni. Akafunga meza kabla ya saa sita, akaenda kupika.

Alhamisi msafara ulikuja. Jovelina alikuwa amesimama penye uwazi wa sebule na mshumaa mkononi, amevaa gauni la bluu alilolitunza kwa ajili ya mazishi. Nyuma yake kahawa ilikuwa kwenye birika na biskuti zimefunikwa kitambaa. Alisikia ngoma ya mzee Tibúrcio, akasikia magitaa, kisha Abílio akasimama mbele yake na mlingoti. Hakumwangalia. Aliuliza kana kwamba anauliza ukuta.

"Mlango uko wapi?"

"Huo ulio mbele yako," Jovelina alisema.

"Hilo ni tundu. Nauliza mlango."

"Abílio, dada yako yuko chumba cha pili. Anakusikia. Ingia, kahawa inapoa."

"Bendera haiingii bila kuimba. Na haiimbii tundu. Inauimbia mlango uliofungwa, mwenye nyumba anafungua. Ndivyo wazee walivyotuachia."

"Paroko amesema haikatai mlango wa mtu."

"Na haijakataa," alisema Abílio. "Onyesha mlango tuukatae."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Mzee Tibúrcio, ambaye ameongoza nyimbo za Bendera tangu Abílio akiwa anatambaa, alikohoa. "Lakini bwana Abílio, hata hivyo, mgonjwa..."

"Mzee, wewe piga ngoma."

Ngoma ikapigwa. Wakapita. Jovelina alibaki na mshumaa, nta ikimdondokea vidoleni, wala hakusikia kuungua.

Alipoingia chumbani alimkuta Deolinda anacheka, mkono umeshika tumbo.

"Amenipata, huyo mtoto. Tangu zamani ukicheza naye karata anakumbuka sheria pale tu anapokaribia kufungwa."

"Usicheke, Deolinda. Utanitia wazimu."

"Niache. Kulia kunauma zaidi." Alivuta pumzi. "Na niliung'oa mwenyewe. Kwa mikono yangu hii. Nilijiona nina akili."

Jovelina alikaa ukingoni mwa kitanda.  Aliwakasirikia wote: Abílio, paroko, yule aliyecheka, Deolinda na bisibisi yake, na Mungu kidogo, ingawa huyo alimwachia nafasi ya kujieleza.

Ijumaa alasiri Rosicler alikuja na bendera yake mwenyewe. Aliishona kwa ajili ya jumuiya yao, satini nyekundu, njiwa wa shanga zinazometameta, mabawa sawasawa. Alimfunika nayo Deolinda, taratibu, akamwachia uso. Deolinda alipitisha vidole juu ya shanga.

"Imependeza, mwanangu. Unanishinda kushona. Ila hii haijamwona mama yangu."

"Haijamwona hata wangu, bibi," Rosicler alisema, "na ni heri."

Padri Lindaura alifika kutoka zamu, bado na viatu vyake vyeupe vya kazi, akawakuta jikoni. Jovelina alikuwa anakanda unga kana kwamba unga ule ulikuwa na jina la mtu.

"Tuwaachie, dada," Lindaura alisema. "Tuna kila kitu. Askofu wetu aliwekewa mikono na aliyewekewa mikono, hadi kwa mitume. Mafuta niliyompaka Deolinda ni mafuta kweli. Kwa nini twende kupiga magoti mbele ya kitambaa chao?"

Jovelina aliacha kukanda. "Chao?"

"Unajua ninachomaanisha."

"Sijui. Niambie. Chao tangu lini? Mimi sikuhama kanisa hata siku moja, Padri. Nilibatizwa kwenye lile jiwe la parokia, na maji yale hayajakauka. Wao ndio waliohamisha viti. Wewe mwenyewe ulituhubiria hivyo siku ya kwanza, kwamba sisi si wageni, sisi ni watoto wa nyumba. Au yalikuwa maneno ya kujazia Jumapili?"

"Nilimaanisha," Lindaura alisema polepole.

"Basi kama ubatizo ni mmoja, bendera nayo ni moja. Deolinda hataki msamaha wao. Hataki hata salamu yao. Anataka kazi ya mikono yake imfunike, basi."

Rosicler alikuwa anatafuna biskuti mlangoni pa jikoni. "Shida yetu ni ndogo," alisema. "Tuling'oa mlango ili mtu asigonge. Sasa tunamtafuta wa kugonga, na hana pa kugonga. Hivi duniani kuna watu wengine wenye akili za namna hii?"

Hakuna aliyecheka. Kisha wote watatu, bila kupanga, wakageuza macho kuelekea sebuleni.

"Hapana," Lindaura alisema.

"Sijasema kitu," Rosicler alisema.

"Umeangalia. Hapana. Askofu aliipaka mafuta ile altare. Haibebwi kama meza ya bia."

"Kabla ya askofu," Jovelina alisema, "mama yake Deolinda aliipaka nta kila Pasaka. Niambie kipi kimekolea zaidi, mafuta au nta."

Lindaura alivua viatu vyake vyeupe. Alikwenda chumbani kwa mgonjwa, akakaa huko kiasi cha chai kupoa. Alichoambiwa huko wanakijua yeye na Deolinda. Alipotoka alikwenda moja kwa moja sebuleni, akaondoa mishumaa, akaondoa msalaba, akakunja kitambaa mara mbili na mara mbili tena. Mlango ulikuwa pale, uchi, na alama za kisu karibu na bawaba, pale Abílio alipochonga herufi ya jina lake akiwa mtoto na kupigwa kwa kijiko cha mbao.

"Bwana alisema, Mimi ndimi mlango," Lindaura alisema. "Nimeisoma Injili hiyo juu ya mbao hizi sijui mara ngapi, na sikuwahi..."

"Padri, usinihubirie. Shika upande wa bawaba."

Asubuhi ya leo, basi. Unaijua njia. Bendera ilikuwa inakwenda kulala ng'ambo, kwa watu wa mashamba, na hakuna njia ya kufika darajani ila Mtaa wa Sabuni. Ukuta wa kiwanda huku, nyumba huku, kati yake punda wawili hawapishani. Fremu ilikuwa imesuguliwa kinyesi cha kuku na kukazwa kwa mbao ukutani pande zote mbili. Mlango ulining'inia kwenye bawaba zake za zamani, umefungwa, komeo limeshuka. Nyuma yake Deolinda alikuwa kwenye kiti cha mikono, amefungwa shuka kiunoni ili asianguke, nywele zimesukwa na Rosicler. Lindaura alikuwa amevaa stola nyekundu ya kipadri shingoni, juu ya gauni la kawaida. Wale vijana wa duka la baiskeli walishikilia fremu. Jovelina alisimama na mkono kwenye komeo.

Ngoma ilikuja, ikakaribia, ikanyamaza.

Kupitia ufa wa mbao Jovelina alimwona Abílio amesimama. Alimwona akiangalia pale chini, kwenye bawaba, penye ile herufi. Uso wake ulibadilika, lakini si sana.

"Nini hiki?" aliuliza.

"Mlango," Rosicler alijibu kutoka upande wa pili. "Uliuulizia."

Gari la paroko lilikuwa nyuma ya msafara, na kipaza sauti juu yake. Sauti ya asali ikasema, "Ndugu zangu, tupite pembeni kwa amani." Hakukuwa na pembeni. Mlitazamana. Halafu mzee Tibúrcio, bila kumuuliza mtu, akainua kichwa na kupiga mapigo ya kwanza ya kuomba mlango, na magitaa yakamfuata kwa sababu vidole vya wapiga magitaa vina mazoea kuliko vichwa vyao. Akaimba, sauti yake ya uzee ikikwaruza:

*Hodi hodi wa nyumbani,*
*Njiwa yuko mlangoni,*
*Habagui masikini,*
*Fungua apite ndani.*

Nanyi mliitikia. Wewe uliitikia. Uliimba "habagui" kwa mdomo wako mwenyewe, na ulikuwa unaimba vizuri.

Jovelina aliinua komeo, akafungua.

Fremu ile ni fupi, watu wa zamani walikuwa wafupi. Ili aingie, Abílio ilimbidi ainame na kuulaza mlingoti mbele yake. Hariri ikashuka. Njiwa akapita mbele ya uso wa Deolinda, na mabawa yake yasiyolingana, na lile jicho dogo la kijani la herini ya mama, karibu kabisa. Deolinda alikuwa ameshaanza kunyoosha mkono. Lakini mkono wa mgonjwa ni mzito, unakuja polepole, unahitaji kusubiriwa.

Abílio hakusubiri. Alipomaliza kupita chini ya fremu alisimama wima, akaushika mlingoti kwa mikono miwili, akaunyanyua juu kabisa, mpaka kingo za hariri zikawa juu ya paa la nyumba.

"Abílio," Deolinda alisema. "Mdogo wangu. Herini ya mama tu. Nishike kidogo."

Abílio aliangalia daraja.

"Shemeji," Jovelina alisema, "shusha hiyo."

"Sina shemeji kwenye nyumba hii."

"Unaye miaka yote, ila hujawahi kumsalimia. Shusha, Abílio."

"Mlitaka Bendera iingie. Imeingia. Hakuna desturi inayosema lazima ishuke."

Ngoma ilikoma. "Desturi ipo," mzee Tibúrcio alisema. "Mgonjwa hufunikwa. Mama yako alifunikwa. Mimi ndiye niliyeimba."

"Mgonjwa wa nyumba ya Kikristo, mzee."

"Basi hiyo nyumba ya mama yako ilikuwa ya nini?"

Abílio akaanza kutembea. Jovelina alimrukia. Ana miaka sitini na zaidi, ana goti bovu, alimrukia kama paka, na vidole vyake viligusa utepe mmoja. Mtu mwenye shati jekundu akamshika kiwiko. "Taratibu, mama, taratibu," alimwambia, kwa upole, kama anayemvusha barabara. Mkono ule ulikuwa wa nani, mwenye mkono anajua. Jovelina aliuvuta mkono wake mpaka bega likalia, lakini Bendera ilikuwa imeshafika penye kona, na kipaza sauti kilikuwa kinasema tuendelee kwa utaratibu, tuendelee.

Nanyi mkaendelea. Mlipita mmojammoja katika mlango ule, kwa kuwa haupitishi wawili, watu wote wa Barro Fundo, mkiinamisha vichwa chini ya fremu ya nyumba ambayo miaka yote mlisema haiingiki. Mliingia. Kila mmoja wenu aliingia katika kanisa lile leo, na hakuna aliyemzuia, hakuna aliyemuuliza ameoa wapi na analala na nani. Mkono wa Deolinda ulikuwa palepale, umenyooshwa. Ungeweza kuushika. Ungeweza kusema "Pole, bibi." Mzee Tibúrcio peke yake ndiye aliyesimama, akavua kofia, akaweka ngoma yake chini na hakuichukua tena. Msafara ulikwenda darajani bila ngoma, na mlijifanya hamkugundua.

Barabara ilipobaki tupu Lindaura alipiga goti mbele ya kiti. "Tukurudishe ndani. Tushushe mkono."

"Usiushushe," Deolinda alisema. "Nikiushusha leo sitauinua kesho. Nitafutieni mto."

Wakamwekea mto chini ya kiwiko, na mwingine chini ya kifundo. Yuko hivyo hadi saa hii, kitandani, mkono juu ya mito kama mtu anayengoja kupewa chenji.

Jovelina alirudi kuufunga mlango, akaketi juu ya ngoma ya Tibúrcio, mwenyewe akimruhusu. 

"Kesho Pentekoste tunasali hapahapa barabarani, na Deolinda tutamtoa tena kwenye kiti chake, upande wa pili wa mlango," Lindaura alimwambia. "Altare imesimama, basi tutasali imesimama. Watarudi kutoka ng'ambo kwenda parokiani, watatukuta. Mkate kwa kila atakayenyoosha mkono."

"Hata Abílio?"

"Hata yeye."

"Na nani atampa?"

"Utampa wewe."

Jovelina aliugeukia mlango. Alikuwa anaangalia ile herufi iliyochongwa karibu na bawaba. Neno hilo la Lindaura ndilo aliloliamini kuliko yote waliyohubiriwa katika sebule ile, kwamba hakuna anayefungiwa, na sasa lilikuwa limemrudia mwenyewe, na uzito wake wote.

"Nitampa," alisema mwishowe. "Nitampa mkononi na nitamtaja jina. Lakini kwanza ashushe. Sitaki mtu aniambie nimsamehe kwanza halafu ashushe akipenda. Ashushe, ndipo ale."

"Hatashusha mwenyewe," Rosicler alisema.

"Najua hatashusha mwenyewe."

Ndiyo maana unasomeshwa haya leo, kabla ya kwenda kulala ukiwa umeridhika na miguu yako iliyotembea kwa ajili ya Roho. Mlango umesimama. Umefungwa. Fremu ni fupi vilevile. Kesho asubuhi Abílio atarudi kutoka darajani, na kwa kuwa hana njia nyingine atainama tena, na hariri itashuka tena mbele ya uso wa dada yake, na itakaa chini kwa muda wa pumzi moja. Pumzi moja inatosha, kama kuna wa kuidaka. Jovelina ni mmoja na goti lake ni bovu, na wale wa kumshika kiwiko hawakosekani.

Wewe utakuwa nyuma ya Abílio, hatua moja au mbili, kama leo. Ulimbeba mtoto wako kwenye gauni la ubatizo aliloshona Deolinda. Ulioa katika suti aliyoibana kiunoni. Usilete maua, usimwombee, wala usimwandikie paroko. Amka mapema, vaa shati lako jekundu, kaa karibu na Bendera. Abílio akiinama, ishike hariri kwa mikono miwili, umwekee Deolinda chini ya vidole penye jicho, na usiiachie, hata wakuvunje kiwiko, mpaka yeye mwenyewe aseme ameshika.